Ukifika Kwa Daktari Niite Susu

Mjukuu wangu Mutheu,

Huku Matiliku mbaazi zimekubali, na mama yako ameanza kula tena. Pole na hospitali. Umeuliza kama kuna mtu kwetu aliyewahi kuugua saratani hii yako ya tezi ya shingo.

Tulikuwa wawili. Mimi na dadangu, Mutheu wa kwanza, tulivimba shingo mwaka mmoja, tukapewa dawa moja. Uvimbe wangu uliyeyuka. Wake ulirudi, tukamzika. Majirani walinong'ona kwamba nimekula uhai wake.

Ulipozaliwa ulilia bila kunyamaza, tukakutajia majina ya marehemu wetu. Kwa jina la dadangu ukanyamaza, mkono umeshika shingo, pale pale. Tangu hapo tumeitana dada.

Sasa daktari wako anasema kinga ya mwili hurithiwa, na huenda ndiyo sababu ugonjwa mmoja ulimuua dadangu ukaniacha mimi. Anataka kulinganisha damu yangu na yako. Nakuja Jumatatu.

Lakini mbele ya daktari usiniite dada. Niite susu, kama wajukuu wengine wanavyoita nyanya zao. Sitaki damu yako ikusikie ukiniita kama marehemu alivyoniita, ikafuata njia yake.

Susu wako