Seva Niliyoifunika Vitambaa

Baba Riziki,

Mtoto kalala, nguo nimeanika, sasa nakuandikia. Usinicheke mwandiko.

Seva yako imekufa. Naanza na hilo maana nikizunguka nitashindwa kulisema. Ile seva ya zahanati, kompyuta yenye kumbukumbu za wagonjwa wote, uliyoihangaikia kuliko hata pikipiki yako, imekufa mikononi mwangu.

Tulipokuzika, Sista mkuu alinipa ufunguo wa kile chumba. "Mama Riziki, we ndiye ulikuwa unampelekea chakula mle, unajua alivyokuwa anaitunza. Iwe safi tu mpaka tupate fundi." Nikakubali haraka. Nilitaka mahali pa kukaa na wewe kidogo kila asubuhi. Na kweli nilikuwa nakuona mle: matofali uliyoipandishia ili maji ya masika yasiifikie, sponji ulizozibia dirisha, dawa ya sisimizi kwenye kona.

Na lile neno lako, "Adui wa huyu ni vumbi." Ulilisema mpaka nikakuuliza lini na mimi utanifuta vumbi. Ukajibu, "Wewe vumbi lenyewe linakuogopa." Jamani, Baba Riziki.

Kiangazi hiki vumbi la Kawajense limezidi. Nafuta asubuhi, mchana mashine nyekundu tena. Ndipo nikatoa vile vitambaa nilivyodarizi tulipooana, vya redio na tivii. Nikaifunika yote, mbele na nyuma, nikakunja pembe vizuri. Ilipendeza! Nilitamani uione.

Siku chache baadaye kiyoyozi kikazima, mimi nimeshafuta na kuondoka. Hakuna aliyejua. Sista alipofungua mlango alikuta chumba kama tanuri, mashine kimya.

Fundi aliyeletwa kutoka Tabora akafunua kitambaa, akasema, "Hii inavuta hewa mbele, inatoa joto nyuma. Nani kaivalisha shela kama bi harusi?" Watu wakacheka. Nikasema ni mimi. Sista hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Habari ya joto hukuniambia. Sikulaumu. Enzi zako chumba kilikuwa baridi muda wote, na mimi sikuuliza.

Fundi akatafuta nakala, ile diski ndogo uliyokuwa unanakilia kila Ijumaa. Ilikuwa kwenye droo. Ya mwisho ni ya Ijumaa kabla homa haijakulaza. Wagonjwa wote waliokuja tangu uondoke hawamo. Diski kubwa ya ndani ya seva kaondoka nayo kwa treni. Atajaribu, anasema, ila tusiitegemee.

Juzi alikuja mzee mmoja mfugaji, katoka Kasansa na mkewe mwenye kifafa. Nesi akauliza ni dawa ipi walibadilishiwa mara ya mwisho. Mzee akashangaa, "Nyie si mliandika kwenye kompyuta yenu? Mimi nimeleta mgonjwa, maandishi mnayo nyie." Nesi akaniangalia. Ningefanya nini? Hata kuiwasha siwezi.

Yule mama akafungua fundo la kitenge chake polepole. Ndani kulikuwa na karatasi ya vidonge, vidonge vimekwisha ila jina la dawa bado lipo, imekunjwa ndogo kama hirizi. Nesi akaisoma, akampa dawa yake. Mzee akamwambia mkewe, "Kumbe wewe ndiye kompyuta!" Hata mimi nikacheka, huku machozi yananitoka.

Usiku ule sikulala, nikiwaza ni wanawake wangapi wana mafundo kama lile.

Nimenunua daftari kubwa. Sista kaniruhusu. Kesho nambeba Riziki mgongoni, naanza na nyumba za karibu, kisha za mbali, hadi Sitalike. Nitagonga kila mlango: nionyesheni karatasi, nionyesheni chupa. Nesi atakagua kila nitakachoandika. Najua siwezi kuwapata wote. Wengine wamehama na ng'ombe wao, wengine walishatupa.

Lakini mashine ikipona au isipopona, nakuahidi hakuna nitakayemwacha kwa uvivu wala kwa aibu. Darasa la saba langu unalijua. Jina la dawa likinishinda, nitachora kidonge chenyewe, umbo lake na rangi yake, na jina la mgonjwa nitaliandika pembeni kwa herufi kubwa.

Pumzika, mume wangu. Riziki ana meno manne.

Mimi wako,
Mama Riziki