Saa Iliyokanyagwa na Kuku

La Chaux-de-Fonds, Uswisi, 3 Machi 2019
Mwaka wa kumi na moja tangu nitoke nyumbani

Mpendwa Baba,

Naomba baraka yako, kama nilivyokuwa nikiiomba kila usiku kabla ya kupanda kitandani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na kikohozi cha Mama kimeondoka pamoja na baridi. Mimi ni mzima ila mabega. Majira yote haya nimepaka rangi dari, na mtu anayepaka dari huamka asubuhi na shingo ya ng'ombe wa jembe. Theluji ya huku bado imefika kwenye madirisha. Deolinda dada yangu, wewe unayemsomea Baba, nakujua: usikimbilie ukurasa wa mwisho. Soma polepole, Baba asikie mambo kwa mpangilio wake. Na mwandiko mnisamehe, shule yangu mnaijua iliishia wapi.

Kifurushi kilifika. Soseji nimezila kwa uchoyo, sikumpa mtu. Na ndani ya soksi ya sufu nikaikuta saa yako, pamoja na agizo lako: kwamba mwanao anaishi kwenye mji wa saa, na kazi yake ni rangi, kwa hiyo kuupaka uso wa saa upya si jambo la kumshinda. Unataka irudi nyeusi na laini kama siku uliyoinunua, kwa sababu mwaka huu wewe ndiye msimamizi wa sikukuu ya Agosti, utatangulia maandamano umeshika bendera ya Bikira Maria, mkono juu, na hutaki Zeferino afungue tena kinywa chake.

Baba, mimi nakumbuka siku aliyokifungua. Nilikuwa nimetumwa kukuita kilabuni, chakula kilikuwa kinapoa. Zeferino aliunyanyua mkono wako mbele ya watu wote akauliza, jirani, saa yako hii imekanyagwa na kuku au vipi? Watu walicheka wakalala mezani. Tangu siku hiyo umeivaa saa umeigeuza, uso kwa ndani, na ukitaka kujua ni saa ngapi unageuza kiganja juu kama mtu anayeomba sadaka. Nilikua nikidhani wanaume wote huvaa saa hivyo.

Basi nilitaka kukufurahisha. Jumapili moja nilitandika gazeti mezani, nikaweka rangi nyeusi kidogo kwenye kifuniko cha chupa, na brashi nyembamba niliyoinunua kwa kazi hiyo tu. Nilisema nitaziba nyufa kama ninavyoziba za ukutani, kisha nipake tabaka moja jembamba la rangi juu. Kilichoniokoa ni kwamba mgongo wa saa ulikataa kufunguka. Nilijaribu kisu cha siagi, nikajaribu bisibisi, nikajikata kidole, nikaacha.

Kesho yake nilikuwa kazini kwa Bwana Perrenoud. Huyu ni mzee mstaafu, mwenye nyumba ya ghorofa ambayo ngazi zake nazipaka rangi tangu Januari. Mtu mwenyewe ni mgumu, akiona tone moja la rangi kwenye kigae ananiita nirudi kulifuta. Wakati wa kahawa nilimwuliza kama ana kifaa cha kufungulia saa. Aliichukua saa mkononi mwangu, akavaa miwani, akaisogeza dirishani. Akaigeuza huku na huku mpaka kahawa yangu ikapoa. Halafu akauliza nani ameigusa. Nikamjibu hakuna aliyeigusa bado, mimi ndiye nataka kuipaka jioni. Baba, aliifumba mkononi kama mtoto aliyefumba peremende. Akasema, Horácio, ukitia brashi humu, ngazi zangu utazimaliza, lakini salamu yangu hutaisikia tena.

Nilidhani baridi imempanda kichwani. Alinivuta ndani na viatu vyangu vya kazi, kwenye zulia, jambo ambalo hajalifanya kwa mtu yeyote, akafungua mtoto wa meza. Humo mlikuwa na saa sita, zote nyeusi, zote zimepasuka uso kama yako. Ananiambia hizi wanaziita saa za buibui, kwa ajili ya ule utando wa nyufa, na watu wanapanda ndege kutoka Milano na kutoka Japani kuja kuzitafuta. Ananiambia saa mpya zikitoka elfu moja zinafanana zote elfu, lakini hizi kila moja imepasuka kwa njia yake, na hakuna mtu duniani anayeweza kuirudia. Ya kwako, alisema, imepasuka vizuri kuliko zake zote. Hayo ndiyo maneno yake, imepasuka vizuri.

Mimi nilicheka. Nilimwambia katika kazi yetu rangi ikifanya hivyo unaitwa uje uikwangue kwa muda wako mwenyewe, na mwenye nyumba anakusimamia akikutukana. Nikamwuliza, maadamu yeye ni mpenzi wa nyufa, je, niziache zile za ngazini? Akasema ngazi ni ngazi, na ziishe Ijumaa.

Lakini alinipa kioo chake cha kukuzia, nami nikachungulia. Kwanza sikuona chochote cha maana. Niliona kazi mbovu. Kisha aliigeuza kidogo kwenye mwanga, na Baba, nililiona bwawa letu la kumwagilia mboga, lile linapoanza kuganda asubuhi za Januari, na wewe umelitupia jiwe ili ng'ombe wanywe. Mistari ile ile ikikimbia kutoka katikati mpaka ukingoni. Nilikaa nayo jichoni mpaka Bwana Perrenoud akadai kioo chake. Hapo akataja bei ambayo angenipa siku hiyo hiyo. Sitaiandika hapa, kwa kuwa Deolinda ataitangaza mpaka kwa mwoka mikate. Nasema tu kwamba paa la nyumba lingebadilishwa lote na zizi pia. Nilimjibu kwamba saa ni ya baba yangu.

Jumapili iliyofuata niliipeleka klabuni kwetu Wareno, tunakokula samaki mkavu wa chumvi na viazi. Niliwasimulia wenzangu, nao wakanidhihaki kweli kweli. Mmoja akasema basi hata uso wa mama mkwe wake una soko Japani. Mwingine akavua kiatu kilichopasuka ngozi, akaanza kukinadi. Kwa kelele hizo Gracinda akatoka jikoni akikausha mikono. Gracinda ndiye mpishi wa klabu, wa kutoka kule nyumbani, upande wa Viseu, mwenye ulimi mkali. Ukimrudishia sahani yenye chakula anakuuliza kama umekuja kula au kuangalia. Aliitazama saa iliyokuwa mezani, akaacha kukausha mikono. Aliichukua akaenda nayo jikoni.

Nilimfuata. Alikuwa amekaa juu ya gunia la viazi. Akaniuliza nani alinipa. Nikamwambia ni ya baba, aliinunua hapa hapa mjini alipokuja kujenga barabara, kwenye kile kiwanda cha nyuma ya stesheni kilichokwisha kufungwa. Akasema, najua ni cha wapi, mimi nilikuwa chumba cha rangi.

Baba, alikuwa na miaka kumi na minane, ndiyo kwanza ameshuka kwenye treni. Walikuwa wasichana watano, mikono imekufa ganzi, na msimamizi akipiga kelele kwamba oda imechelewa. Vanishi ya juu waliipaka kabla rangi ya chini haijakauka, kwa sababu waliamriwa. Saa zilitoka zikimetameta. Baada ya miaka michache zikaanza kurudi, zimepasuka, na wenye kiwanda hawakumtafuta msimamizi, waliwafukuza wasichana wote watano. Tangu hapo amefagia ofisi, amefua mashuka ya hoteli, amepika, na hakumwambia mtu hata siku moja kwamba aliwahi kufanya kazi ya saa. Alisema yako huenda aliipaka yeye, huenda mwenzake wa pembeni, lakini mikono ni ile ya chumba kile.

Nikamsimulia habari ya Zeferino na kuku wake. Alinitazama, nikadhani nimeharibu. Kisha akasema, basi mwambie mzee wako huyo kuku ni mimi. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa aproni, na samaki wakaungua, na siku hiyo klabu nzima tulikula viazi na mafuta ya zeituni.

Nilimpeleka kwa Bwana Perrenoud. Yule mzee mgumu alipomjua ni nani alisimama wima, akamvutia kiti, akamfungulia mtoto wa meza. Alimwuliza walitumia siri gani. Gracinda akamjibu hakukuwa na siri, bwana, tulikuwa na baridi na tulikuwa tunafokewa. Akazitazama zote saba, yako ikiwemo, moja moja, na nyingine akaicheka kama unavyomcheka mtoto wa jirani uliyemwona kwa mara ya mwisho akitambaa. Tulipotoka alinishika mkono kwa ajili ya barafu ya barabarani. Barafu ikaisha, mkono akauacha pale pale.

Sasa Baba, nakiri. Agizo lako sikulitimiza. Saa imesafishwa ndani na fundi, inakwenda sawasawa, lakini uso sijaugusa na sitaugusa. Kuiuza ni shauri lako, bei nitakunong'oneza. Ombi langu ni kwamba uivae kwanza kwenye maandamano, umeigeuza ikatazama nje, mkono juu ya mlingoti wa bendera, kila mtu aione.

Ombi hilo si langu peke yangu, ni la Gracinda pia. Jumapili iliyopita, kati ya supu na samaki, nilimwomba Gracinda awe mke wangu. Aliniuliza kama nimekuja kula au kuoa. Nikamwambia vyote viwili. Amekubali, na anaomba baraka yako na ya Mama kabla ya kitu kingine chochote. Mama aache sasa kuuliza nani ananipikia.

Mbusu Mama kwa niaba yangu. Wasalimu wote wanaoniulizia, hata Zeferino, na mwambie kuku aliyeikanyaga ile saa amepatikana. Nafika naye wiki ya kwanza ya Agosti, na ataketi meza yetu kama mkweo.

Mwanao akupendaye,
Horácio