Dang'a Iliyomwagwa

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

U hali gani huko ugenini? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi tunapumua, tunashukuru. Ila nina jambo limenikwama kooni, nisipolitoa nitapasuka.

Kitinda mimba wetu amejifungua kwa upasuaji, mimba ya miezi saba. Ni binti, mdogo hata tunamwita Punje.

Muuguzi alinieleza kwamba tumbo la mtoto njiti halijazoea kitu. Bakteria watakaowahi humo ndio wanaojenga makazi. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya manjano, huwalisha walio wema. Wakikosekana, wale wabaya wa wodini hujitwalia nafasi.

Basi mdogo wetu, mshono mbichi, hawezi hata kusimama, akawa anakamua matone kwenye kikombe, mama mkwe wake anayapeleka kwa mtoto. Siku ya tatu nikamkuta mama huyo anayamimina sinkini!

"Mama, unafanya nini?"

"Usaha huu? Mjukuu wangu hanywi uchafu."

Kumbe aliwaambia wauguzi kwamba mzazi hana maziwa, wakampa mtoto ya kopo. Kisha anarudi kwa mzazi na kumwambia, "Mwanao anakunywa vizuri." Siku tatu, kwa uso mkavu! Nikaenda kuwaeleza wauguzi na daktari, wallahi.

Kesho yake tumbo la Punje likavimba, ngozi ikang'aa, akatapika kijani. Daktari hakutaka kumtwisha mtu lawama.

"Siwezi kuapa kwamba ni hilo. Njiti hupatwa na haya hata akipewa ya mama. Lakini dang'a ingemkinga."

Wakasimamisha maziwa, wakampa antibayotiki siku saba. Nazo hazichagui, zinafagia bakteria wabaya na wema pamoja. Tukaanza upya, tone kwa tone kwenye mpira wa kulishia, na sasa kikombe nakibeba mimi.

Jana amepata choo laini, cha manjano. Mimi niliyekuwa nikiziba pua kwa nepi zako, nimeiinamia ile nikawaita wauguzi waje waone! Daktari amembonyeza tumbo, akatabasamu. Hatari imepita.

Yule mama ameomba radhi, amelia. Mdomo wangu umemsamehe, roho bado inakinai. Akinimiminia chai, hainipiti kooni.

Nisalimie wifi yangu na mwanenu Bonge. Mola awafunike kwa rehema zake, na Punje akue mpaka akuamkie mwenyewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ukiwa wa kubebwa.