Pale Nilipoandika "Pori Lisilotumika"

Ijumaa, Iringa. Upepo wa leo ungeweza kumvua mtu koti. Nimelia mpaka macho yanauma, kwa hiyo nikikosea herufi nivumilieni.

Leo chuoni kulikuwa na kongamano la wazi kuhusu utamaduni, mazingira na uchimbaji. Wananchi walikaribishwa. Mimi, mwanafunzi wa uzamili mwenye kiherehere, nilikuwa na kazi yangu ukutani: ramani ya vilima vya kijijini kwetu, ambako kuna kampuni inataka kupasua mawe. Niliichora ili itulinde. Nikamwalika hata bamdogo, mdogo wake marehemu baba, aje aone. Alikuja na suti yake ya kanisani.

Sasa niungame. Nilipokuwa napima, bamdogo alinizungusha kote: visima, mashamba, mipaka. Tulipofika kwenye kichaka walikozikwa wazee wetu, bibi akiwemo, akaniambia nizime simu. Ndipo tunapofanyia tambiko, na kwetu mahali pale hapaonyeshwi kwa mgeni. Nikamwahidi. Niliporudi chuoni, kompyuta ikakataa kuacha nafasi wazi, ikataka maelezo. Nikaandika: pori lisilotumika.

Nilijiona mjanja.

Mchana akasimama meneja wa machimbo. Akaisifu ramani yangu, akanishukuru mbele ya watu. Barabara ya malori itapita hapa, akasema, maana dada yetu ameshatuonyesha kwamba hapana kitu. Kidole chake kilikuwa juu ya bibi yangu.

Watu wakapiga makofi. Nikageuka kumtafuta bamdogo, nikamwona safu ya nyuma ameinamisha kichwa. Nikinyamaza, greda litapita juu ya makaburi. Nikisema, nimevunja ahadi mbele ya ukumbi mzima, naye akiwa palepale. Nilisimama nikasema. Nilitaja makaburi, nikataja tambiko, nikaeleza hata njia ya kuingilia. 

Meneja hakukasirika. Aliniuliza tu, kwa upole:

"Sasa mbona kwenye ramani yako hayapo?"

 Mwenyekiti akasema hoja imepokelewa, muda umetutupa mkono, twende chai. Sijui imepokelewa na nani. Kwenye karatasi nimeshakana ukoo wangu, na karatasi ndiyo inayoaminiwa.

Nilimsindikiza bamdogo stendi. Nilimwomba radhi kwa Kihehe, nikarudia kwa Kiswahili, kama vile lugha moja isingetosha. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alipokuwa anataka kupanda basi akanishika bega.

"Kusema ulifanya vizuri," akaniambia. "Lakini tambiko la mwaka huu usije, mwanangu. Mahali pale umepaanika, na mimi ndiye nitakayeulizwa."

Nikaitikia, ndiyo bamdogo. Ningesema nini?

Jumatatu nitairudia ramani. Nitaweka makaburi yote na kuipeleka serikali ya kijiji, kisha wilayani, hata kama watanicheka kwamba nimekumbuka shuka kumekucha. Hilo naliweza.

Lisilowezekana ni hili. Jina nililonalo ni la bibi, na kwa desturi yetu aliyerithi jina ndiye anayemwita mwenye jina wakati wa tambiko. Tangu nikiwa na miaka saba, ni mimi ninayemwita.

Mwaka huu nani atamwita?