Sauti Yako Haitoki Kwenye Wimbo

Kilole, Korogwe
Alhamisi

Mama Neema,

Huku tupo. Neema mwambie baba anamsalimu. Kuku wako wa madoa siku hizi anataga kwa jirani.

Jumapili kwaya inazindua albamu, na Salome ndiye anayeimba nafasi yako. Shida ni fleshi yangu: ina nyimbo nzima tu, na wewe umo ndani. Siku ya kurekodi ulinisisitizia, "Baba Neema, chukua na biti tupu bila waimbaji, na kila sauti peke yake." Nikakujibu fleshi imejaa. Ilijaa video za harusi za watu. Ukajihifadhia mwenyewe kwenye simu, na studio wameshafuta zao.

Jana tulijaribu. Salome akafungua mdomo, spika zikatoa sauti yako. Akafunga, wewe ukaendelea. Mchungaji akaniuliza, "Yordani, si ulitangaza hapa kwamba waimbaji wamejaa Korogwe?" Nikajifanya nakaza waya.

Najua neno hilo ndilo lililokupandisha basi la Handeni. Nilitamka mbele ya kwaya, nitaomba radhi mbele ya kwaya.

Biti tuma kwa simu ukishasoma hii, nakuomba. Sauti usiitume. Jumamosi nitakuwa stendi tangu asubuhi.

Baba Neema