Waya wa Jokofu

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimepeleka sampuli sita maabara kuu. Kilomita mia tatu na ushei, mashimo hayana idadi, na hakuna tone lililomwagika. Dereva ni mimi, wengine wanashikilia usukani tu. Nimeendesha malori nchi nne, nimelala mipakani, nimetukanwa kwa lugha saba na nikajibu kwa nane. Sasa nabeba damu za watu kwenye boksi la barafu. Dunia duara!

Ugonjwa wenyewe bado hauna jina. Homa, macho mekundu, halafu fizi zinavuja damu. Wakubwa wanauita "tukio". Watu wanne tumezika, wao wanasema tukio, kama harusi iliyonyeshewa mvua.

Hadubini ndiye mtu wetu wa maabara. Jina tumempa sisi, maana huyo hata nyanya ya kununua huikagua kwa jicho moja. Ameniambia dawa ipo, imefungiwa huko maabara kuu. Ila hapewi mtu mpaka karatasi yao iseme ndiyo, ni ugonjwa huo. Na isipite siku ya nane tangu homa ianze. Ikipita, ni kutwanga maji kwenye kinu.

Jumanne, 5 Machi

Mdogo wangu ameamka na homa. Huyu wa kike, kitinda mimba wetu, anayesafisha wodi.

Glovu zilikwisha wiki iliyopita. Aliambiwa avae mifuko ya plastiki mikononi. Akavaa, akaja kunionyesha: "Kaka, tazama, nimefungashwa kama sukari ya robo." Nikacheka. Mimi hucheka kila kitu, ndiyo maradhi yangu.

Jumatano, 6 Machi

Macho yake mekundu.

Wamempeleka kwenye hema la kutengwa, nyuma ya maabara. Lina dirisha la plastiki. Nilisimama mbali kama walivyoniamuru, akanigombeza: nisilie, bwana mkubwa mzima, nitaharibu jina langu mjini. Hadubini amemtoa damu saa nne. Chupa imeingia jokofuni, namba nane.

Nikataka kuondoka leo hii hii. Mganga mkuu akasema gari halitoki mpaka Ijumaa. Kesho anakuja mgeni rasmi, na gari linabeba viti.

Viti!

Nimesema neno moja ambalo marehemu mama alinikataza.

Alhamisi, 7 Machi

Makabidhiano ya ndoo arobaini za kunawia mikono, pamoja na bango refu kuliko foleni ya wagonjwa. Bango linasema TUSISHIKANE MIKONO. Chini yake wameshikana mikono watu kumi na saba, nimewahesabu, na picha wakapiga. Glovu? Hakuna aliyeleta hata moja. Glovu haina pa kuandika jina la mfadhili.

Mshereheshaji mimi, nani mwingine? Sikuwa na moyo wa kazi. Lakini nilipopita hemani asubuhi, mdogo wangu kalala kiubavu, sauti imekwisha, akaniomba nisimame nichekeshe watu. Ule mkasa wa fisi kwa mng'oa meno. Na niongeze sauti, imfikie.

Basi! Nikaenda kuazima spika ya fundi redio, ile kubwa kama kabati. Pa kuchomeka hapakuwa. Nikapenyeza mkono kwenye dirisha la maabara (Hadubini kapangwa kwenye mstari wa kupokea wageni, tai shingoni kama mbuzi wa mnadani) nikachomoa waya mmoja uliopita nyuma ya kabati, nikachomeka wangu. Mambo yakawaka! Mgeni rasmi aliahidi kusema dakika tano, akala saa tatu nzima. Lakini kwa fisi wangu alicheka mpaka miwani ikamwanguka. Na kule hemani, nyuma ya plastiki, niliona mkono umeinuliwa juu.

Tuliondoka uwanjani saa tisa. Nikarudisha waya wa watu mahali pake, kama muungwana.

Sijawahi kusema vizuri kama leo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimetoka alfajiri na chupa nane. Saa tano niko mlangoni kwao. Barafu ngumu kama jiwe, wenyewe wamenisifu. Nikamwambia binti wa mapokezi namba nane ni damu yangu. Akanijibu bila kuinua uso: "Mzee, humu zote ni damu ya mtu."

Nikatia saini yao bila kutupa utani. Mara ya kwanza mwaka huu.

Jumamosi, 9 Machi

Hakuna majibu. Ameshindwa uji. Siku ya tano.

Jumapili, 10 Machi

Wamepiga simu. Chupa zote nane zimekataliwa.

Kila chupa ina kibandiko cheupe kinachogeuka cheusi kikipata joto. Vyote vyeusi. Wanasema si safari, barafu ilikuwa nzima. Damu iliharibikia huku kwetu.

Hadubini amelizunguka jokofu lake siku nzima, kalipapasa kama mganga anayetafuta jipu. Akaja kunisemesha, machozi yanamlenga. Jokofu zima, mlango haujalegea. Na umeme? Akajijibu mwenyewe: "Umeme haukukatika Alhamisi. Spika yako ilikuwa inaongea kutwa, si nilikuwa nakusikia?"

Nikatazama nyuma ya kabati. Soketi ni moja. Waya ni mmoja.

Nikamwambia: loo, pole sana, ndugu yangu.

Ni mimi. Nimeandika hapa, maana kwingine kote leo nimesema loo, pole.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya saba.

Hadubini kamtoa damu upya saa kumi na mbili asubuhi. Fizi zimeanza. Bado ana utani, hilo ni la ukoo: "Kaka, fisi wako alinifurahisha, ila ulimrefusha mno." Nikageuka nikajifanya nakohoa.

Maabara kuu wamekubali: boksi likifika kabla ya saa nane mchana, majibu kesho asubuhi, na dawa naondoka nayo mimi mwenyewe. Siku ya nane. Hakuna nyingine nyuma yake.

Sasa ni saa mbili. Kamati imekaa ofisini kwa mganga mkuu. Mshtakiwa ni Hadubini, kosa ni uzembe. Miaka kumi na tisa huyu mtu hajapoteza hata chupa ya mkojo! Waliopoteza glovu wako upande wa pili wa meza, wanaandika.

Nikisema ni mimi, nasalimisha funguo papo hapo, ndio utaratibu. Dereva mwenzangu yuko likizo. Boksi litabaki hapa na barafu yake. Nisiposema, Hadubini anarudi kwa watoto wake na barua ya kufukuzwa. Nimejiambia: nipeleke kwanza, nitasema nikirudi. Maneno matamu. Wanawake watatu, katika nchi tatu, niliwaambia nikirudi.

Walimpa Hadubini dakika mbili atoke nje. Hakwenda chooni, alikuja garini. Kapanga barafu mwenyewe, kasoma kipimajoto: nyuzi nne. Wamemkataza kugusa kitu chochote, kasema, lakini huyu ni mdogo wetu sote. Akafunga mkanda wa boksi, akauvuta mara mbili. "Nenda, bwana. Mkono wako nauamini."

Akarudi ndani kuhukumiwa.

Niko kwenye usukani, injini inanguruma, daftari juu ya goti. Mlinzi amefungua geti, ananipungia nitoke. Barazani karani wa mganga mkuu naye ananipungia, niingie. Wanataka shahidi wa Alhamisi, mtu aliyekuwepo mwanzo mpaka mwisho. Nani kuliko mshereheshaji? "Dakika tano tu, mzee!"

Dakika tano. Nazijua dakika tano zao.

Naandika ili mikono iwe na kazi. Mimi, mdomo wa mji, neno moja limenikwama kama mwiba wa samaki. Kipimajoto bado nne. Karani anashuka ngazi, anakuja. Na nyuma yake, mlangoni, kasimama Hadubini, ananifukuza kwa mikono yote miwili: nenda, nenda—