Picha ya Malalamiko Yangu Imegeuzwa Tangazo

Mpendwa mshauri, naomba msaada upesi, maana tangu asubuhi nimeshika chanuo mkononi na sijui hata nasuka nani. Mimi ni msusi, nafanyia kazi chumba cha mbele nyumbani kwangu, na miezi miwili iliyopita niliagiza mafuta ya kukuza nywele kwa simu, nikayajaribu kichwani kwangu kwanza ili nisije nikawaharibia wateja, looh, yakaniunguza, nywele za utosini zikatoka zote nikabaki na kipara chenye vidonda, nikawaandikia wauzaji kulalamika, wakajibu, "Pole dada, tutumie picha tushughulikie malalamiko yako," yakatokea masharti, nikabofya nakubali bila kuyasoma, nikatuma, na tangu hapo kimya, nami nikavaa wigi, usiku nalala na kilemba, hata mume wangu hajui, maana msusi mwenye kipara nani atampa kichwa chake?

Sasa leo mama mkwe, ambaye tunaishi naye, kaja mbio na simu, "Mkwe wangu, hebu ona maajabu!" Mshauri, nikaichukua nitazame! Ni kichwa changu! Utosi wangu, vidonda vyangu, sikio langu lenye matundu mawili, na nyuma kile kioo changu kilichopasuka pembeni, juu wameandika KABLA, na kando yuko mwanamke nisiyemjua, nywele zimemfika mgongoni, wameandika BAADA! Mama hakunitambua, akasema, "Masikini mtoto wa watu, kichwa kilikuwa kama papai, lakini ona alivyojaliwa," nami nikacheka, nilicheka kwa woga, ndipo akaniambia ameshaagiza chupa yake ya mafuta hayohayo, italetwa Jumamosi, kwa kuwa nywele zake nazo zimepungua na anaona haya. Nikisema, habari itaenea mtaa mzima, maana mama hana siri, na wateja watanikimbia. Nifanyeje waitoe picha hiyo bila mtu kujua ni mimi?

Msusi wa Chumba cha Mbele

Mwanangu msusi, pole sana. Na toba! Nimesoma barua yako mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Mtu anakuunguza, unampelekea kidonda akuhurumie, yeye anakifanya bango la duka! Nimelitafuta tangazo lenyewe nikaliona. Mafuta hayo ni ya ajabu kweli: yanaotesha nywele na kuziba matundu ya masikio, maana huyo wa BAADA hajatogwa hata tundu moja.

Lakini na wewe! Unaniuliza namna ya kuificha picha, na chupa iko njiani kwa mama wa watu? Hivi aibu yako ina uzito kuliko utosi wake? Mficha uchi hazai, mwanangu.

Kubofya nakubali mbio mbio bila kusoma ni uzembe, na usirudie. Hata hivyo hukujiuza. Uliwapa picha washughulikie malalamiko, hukuwapa watangazie biashara, na picha ya mwili wako ni mali yako. Kwa hiyo usifute kitu kwenye simu. Hifadhi mazungumzo yenu yote, hifadhi tangazo pamoja na jina la ukurasa wao, na mafuta yaliyobaki usiyatupe. Waandikie kwamba ruhusa umeiondoa, waitoe picha, waifute kabisa, na wakutajie kila waliyempa. Liripoti tangazo palepale linapoonekana. Nakala ipeleke ofisi inayolinda taarifa binafsi, na habari ya mafuta yenyewe kwa wanaotetea haki za wanunuzi. Watakuuliza jina, nawe ulitaje, kwa sababu malalamiko yasiyo na mwenyewe hayafiki mbali. Hicho kidonda nacho kamwonyeshe daktari, akuandikie alichokiona.

Wateja wa kukimbia, waache wakimbie. Mimi kichwa changu ningempa msusi anayejaribu dawa kwake kabla ya kunipaka mimi.

Hayo ni ya wiki nzima. La leo ni moja tu. Mwite mama mkwe chumbani, funga mlango, vua wigi. Usianze na maelezo; mwache akuone mwenyewe, kisha mkae pamoja muifute hiyo oda. Atapiga kelele, najua. Heri apige kelele leo, na hizo nywele zake chache zingali kichwani.